Nyuzi Sitini

"Nyuzi sitini," alisema Daktari Nyamawi
akichora upinde kwenye karatasi ya hospitali.
Mimi mshona kofia, mtoto wa Mkomani,
nyuzi nazijua za kutia sindanoni, si za kupimia,
nikamuuliza: za rangi gani?
Hakucheka. Muuguzi ndiye aliyecheka.

Siku ya tisa leo niko ndani, Lamu,
miguu mbalimbali kama mkasi uliosahauliwa wazi,
kikoi nimekifunga juu, chini ya mbavu, kisiguse.
Mtaani nimesema ni ngiri.
Ngiri ina heshima yake: mtu huipata kwa kubeba,
hutajwa hata barazani, kahawa mkononi.
Hili langu halina jina la kusemwa mbele ya kahawa.

Basi wanakuja kunitazama.
Bunu Shekuwe ana ngiri ya kweli tangu mwaka wa mvua kubwa.
Kakaa ukingoni mwa kitanda, godoro likazama, nikaona nyota.
"Wamekukata upande gani?"
"Kushoto."
"Mimi kulia," akasema, kama tumegawana urithi.
Shangazi Mwanakombo kaleta habasoda na asali,
na nasaha: usinyanyue ndoo, usipige chafya.
Nilipiga chafya.
Shangazi ni mkweli.

Mchana si kitu. Usiku ndio wenye deni.
Saa tisa, kabla ya adhana, mwili huamka peke yake;
haukuambiwa kuna mshono,
unajivuta kama mbuzi kwenye kamba fupi.
Nashuka. Nasimama peku juu ya sakafu,
najimwagia maji ya birika miguuni,
nahesabu vidaka vya ukutani:
cha sahani, cha msahafu, cha saa iliyokufa,
narudia tena, sahani, msahafu, saa,
mpaka ukubali kulala.
Barke huwa macho. Haulizi kitu.
Huniwashia tochi ya simu, nisijikwae kwenye kizingiti.

Miaka miwili, Barke.
Hatukukosana. Kulikuwa na fundo chini ya ngozi,
gumu, kama uzi uliojifunga ndani ya kitambaa
ukavuta kila kitu upande wake.
Nikawa nageukia ukuta. Nikasema nina kazi,
nikashona mpaka taa ikanuka.
Sijapata kushona kofia nyingi kama miaka ile.
Maharusi walizinunua zote.

"Utapungua kidogo," daktari alinionya.
Nikamjibu: kofia nayo ikifuliwa hupungua,
ndipo inapokaa vyema kichwani.
Nilisema hivyo kwa ujasiri wa mtu aliyevaa suruali.
Kisha akaniambia uzi wake hautolewi, utayeyuka wenyewe.
Uzi gani huo?
Ningewashonea wateja wangu uzi wa kuyeyuka
Langoni nzima ingenidai.

Siku ya kumi na saba nimefika mlangoni.
Nikatoka hatua nne, tano, nikavuta hewa.
Mara punda wa mchanga, magunia pande mbili, kichochoro kimejaa.
Nikajibana ukutani, mikono yote mbele,
kama wachezaji wanaosubiri mpira wa adhabu.
Punda akanitazama. Nahisi alijua.
Mwenye punda akasema, "Pole na ngiri."

Na leo asubuhi, kwenye pindo la kikoi,
nimeokota kipande, hakifiki ukucha,
kimekatika bila kuuma.
Zambarau.
Ilikuwa zambarau, na hakuna aliyenijibu siku ile.
Nimekitia kwenye kopo la sindano, pamoja na vifungo.

Barke kalifungua akitafuta pini.
Kakiinua penye mwanga wa dirisha,
akakigeuza, akakigeuza tena.
"Mshono mzuri," akasema.
Amejuaje? Hajauona.
Zimebaki wiki tatu,
na kofia hii ya vito, nusu,
ambayo tangu jana nashona nikifumua.